Kipande Kilichobaki Upande wa Kuume

Tumbo langu lilipoanza kuvimba, watu walinipongeza.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ulikuwa mwaka wa nne wa ndoa yangu na Wilondja, seremala, na hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, miaka minne bila mtoto ni muda mrefu wa kutazamwa. Wanawake niliokuwa nikianika nao ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ufukoni waliliona tumbo kabla sijalisema mimi. Mmoja akanipokonya kikapu, akasema mzigo ule haukuwa wangu tena. Mama mukwe, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akinisalimu huku ametazama pembeni, alinipikia samaki wa kuhe kwa mawese, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza.

Nilijua mambo mawili ambayo wao hawakuyajua. Damu yangu ya mwezi ilikuwa haijakoma. Na ule uvimbe ulikuwa upande mmoja tu, wa kushoto, mgumu kama kiazi chini ya ngozi.

Sikumwambia mtu. Kwa miezi miwili nilikwenda kufua vitambaa vyangu mbali, mtoni Mutambala, nikavianika kwenye majani ambako hakuna anayepita, kisha nikarudi kupokea pongezi za mimba ambayo sikuwa nayo. Naanza na hilo kwa sababu bamama wengi wanaokuja kuniuliza habari za ugonjwa huu wamepita hapo hapo. Wengi wameficha kwanza, wakatafuta dawa baadaye.

Maumivu yenyewe nilikuwa nayo tangu usichana. Kila mwezi, siku mbili nzima, nilijikunja juu ya mkeka, na mama yangu mzazi, huko kwetu Lusenda, alinikanda kiuno kwa maji ya moto akiniambia nitapona nikizaa. Nilimwamini. Niliolewa nikingoja kupona.

Asubuhi moja ya kiangazi nikiwa nimeinama juu ya ndagala, kitu kilinichoma ndani mpaka macho yakaingia giza. Hazikuwa siku zangu. Wilondja alinipakia kwenye baiskeli yake akaisukuma hadi dispanseri, na mama yake akatufuata mbio akidhani mimba inatoka.

Mwuguzi wa pale, Zakaria, alinibonyeza taratibu kwa vidole viwili.

“Mama Apolina, mwezi uliona mara ya mwisho siku gani?”

“Juma ilipita.”

Mama mukwe alisimama. “Unasema nini, we?”

“Mama, hii hapana mimba,” Zakaria akamwambia kwa sauti ya chini. “Iko kitu kinaota mu tumbo. Lazima dokteri wa kule Fizi aione.”

Mama mukwe alikaza kitambaa chake kichwani, akatoka nje. Kwa majuma matatu hakunisemesha. Sasa namwelewa. Alikuwa ameshawatangazia watu wote, na ni yeye aliyelazimika kupita nyumba kwa nyumba kuyarudisha maneno yake.

Tulipanda Fizi kwa kamio, lori la pamba, mimi na Wilondja juu ya magunia. Kila kamio lilipoingia shimoni nilishika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chungu cha maji. Hospitalini tulingoja siku mbili kwenye baraza. Benchi lilikuwa limeng'aa kwa kukaliwa. Kila mlango ulipofunguka sote tuliinua vichwa, kisha jina likaitwa la mwingine, tukaviinamisha. Kando yangu alikaa mama mmoja wa milimani, mke wa mfugaji, aliyekuja na jipu la titi. Hatukuwa na lugha moja ya kutosha kuzungumza, lakini kila alipokunywa maziwa yake alinisogezea kibuyu.

Daktari alikuwa Mbelgiji mrefu mwenye mikono baridi. Kunipima kwake kulikuwa jambo ambalo sikuwahi kuliwazia. Mama sista aliyemsaidia aliona ninavyotetemeka, akanitandikia kitambaa cheupe usoni. “Hivi humuoni,” akaninong'oneza, “na yeye anaona tumbo tu.” Mpaka leo namshukuru kwa kitambaa kile.

Nilipokwisha kuvaa, daktari alimwita Wilondja, akazungumza naye juu ya kichwa changu.

“Iko mifuko mbili, ku nyumba ya mayai ya kushoto na ya kuume. Ndani iko damu ya zamani. Mi naweza kutoa yote. Bibi yako anapona, maumivu inaisha, lakini hapana mutoto hata siku moja. Ao mi natoa mifuko tu, naacha kipande. Pengine ugonjwa inarudi. Pengine mutoto hakuji vile vile.”

Wilondja hakungoja. “Toa yote, Dokteri. Mi nataka muke wangu muzima.”

Wanawake wangapi wangelia kwa furaha kumsikia mume akisema hivyo? Mimi nilipandwa na hasira.

“Dokteri,” nikasema, “mi niko hapa. Hiyo mayai iko mu tumbo yangu.”

Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. Akatupa siku tatu za kupatana.

Hatukupatana. Kwenye baraza Wilondja aliniambia: “Apolina, nilikusukuma ku baiskeli na kichwa chako kilikuwa kinalala huku na huku kama cha mufu. We hukujiona. Mi nilikuona.” Nikamjibu kwamba yeye akitaka mtoto anaweza kumpata kwa mwingine, ila mimi nikikatwa nimekatwa. Aliumia kwa neno lile. Alikwenda kukaa upande wa pili wa ua, akawa anachonga kijiti kwa kisu mpaka kikaisha.

Siku ya pili alifika mama yangu kutoka Lusenda. Alisema mambo machache. “Ukikubali kutolewa yote, usirudi kwangu kulia. Mwanamuke tupu nitamuweka wapi?” Siku ya tatu akafika mama mukwe, bila kuitwa, na bakuli la unga wa mihogo kichwani. Nilijiandaa kusikia maneno kama yale ya mama yangu. Aliweka bakuli chini, akakaa.

“Dada yake Wilondja alikufa na mutoto mu tumbo,” akasema. “Mi nilizika babili siku moja. Sina haraka ya mujukuu.”

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, maana aliyenizaa alitaka nibaki na mayai yangu kwa ajili ya aibu, na yule niliyemwogopa alitaka yatolewe kwa ajili ya uhai wangu. Nililala na jambo hilo, na asubuhi nikamwambia daktari aache kipande. Sikuwa na sababu nzuri ya kumpa. Nilitaka tu kuendelea kungoja.

Sikumbuki kisu. Nakumbuka harufu ya ile dawa ya usingizi waliyonifunika nayo puani, na kiu nilipozinduka. Maji yalikatazwa. Yule mama wa milimani, ambaye kitanda chake kilikuwa mkono wa kushoto, alichovya pamba kwenye kikombe na kunilowesha midomo, tone moja moja, huku akitazama mlango mama sista asitukute.

Daktari alinieleza matokeo siku ya tano. Kushoto alikuwa ametoa nyumba yote ya mayai pamoja na mfuko. Kuume alikuwa ameumenya mfuko na kuacha kipande. Alinionyesha ukubwa wake kwenye ncha ya kidole, kama haragi moja, punje ya haragwe.

“Mufuko unashika nyama,” akasema. “Ukimenya mubaya, nzuri kidogo inatoka pamoja naye. Mi nilijaribu.”

Hilo ndilo sikulijua kabla, na ndilo ninalomwambia kila anayekuja kwangu. Kisu kinachoondoa ugonjwa kinapunguza pia kile ulichokwenda kukiokoa. Muulize munganga kabla hajakukata, si baadaye: utaniachia nini, na kiasi gani?

Kisha alinipa vidonge vya kuweka chini ya ulimi, vya miezi sita, ili ugonjwa ulale. Alisema katika miezi hiyo sitaona damu wala sitashika mimba, na pengine mwili utabadilika kidogo. Nilikubali. Kovu lilikuwa bado linavuta nikicheka, na nilikuwa na hofu.

Mwezi wa kwanza ulipita bila maumivu, nikadhani nimefika mbinguni. Mwezi wa pili chunusi zilinijaa mgongoni. Mwezi wa tatu niliona manyoya juu ya mdomo, nikawa nayang'oa kwa kucha kila asubuhi. Mwezi wa nne nilikuwa naimba kanisani, sauti ya juu niliyoizoea, na sauti ikakatika katikati ya neno. Niliyokuja nayo baadaye ilikuwa ya mwanaume. Mwalimu wa kwaya alikuwa mtu mwema, ila Jumapili iliyofuata aliniomba nikae mwisho wa mstari, karibu na wanaume. Ile ya juu haikurudi. Hii nzito ndiyo ninayosema nayo hata sasa, na wageni wakinisikia nyuma ya mlango huniita bwana.

Wakati huo Wilondja aliandikwa kazi ya useremala kwenye kambi ya dhahabu, upande wa Misisi. Baba zake wadogo walikuwa wamekwisha kuja mara mbili kumwambia aongeze mke, naye alichoka kuwajibu. Aliniambia: “Miezi sita hatuna la kungoja. Wacha niende nikae mbali na maneno.” Mimi sikumzuia. Hakuna kati yetu aliyefikiri kuuliza mkataba ni wa muda gani. Ulikuwa wa miaka miwili.

Vidonge vilipokwisha nilipanda tena Fizi, na mvua zilikuwa zimekolea. Daktari alinibonyeza, akaridhika.

“Sasa hapana kupoteza mwezi hata moja,” akasema. “Hii kipande haiwezi kungoja.”

“Bwana yangu iko Misisi.”

“Basi we enda Misisi.”

Alisema hivyo kama mtu anayeenda anapotaka. Wakati ule wa Wabelgiji hukuweza kuhama sehemu yako kwenda kukaa nyingine bila karatasi ya ruhusa. Nilikwenda kuiomba ofisini mara ya kwanza, karani akaniambia nirudi. Mara ya pili akasema kambi haipokei wanawake mpaka mfanyakazi mwenyewe aombe. Tukamtumia Wilondja barua, jibu likachukua majuma matano kwa ubovu wa barabara. Mwezi wangu ulikuja, ukapita. Ukaja tena. Nilikuwa nahesabu siku kama mtu anayemwagikiwa na mafuta na hana chombo.

Mara ya tatu mama mukwe alisema atakwenda nami. Karani alisoma barua ya Wilondja, akaigeuza, akaisoma tena. Nyuma yetu walisimama wanaume kama kumi wakingoja zamu yao.

“Hapa ameandika ni sababu ya ugonjwa,” karani akasema. “Ugonjwa gani? Nakuona muzima.”

Nilifungua mdomo, na ile sauti yangu nzito ikatoka, wanaume wakacheka. Nikanyamaza. Mama mukwe alisogea mpaka tumbo lake likagusa meza.

“Karani, mutoto wangu amepasuliwa kule lopitali. Amebakizwa nyumba ya mayai kama haragi moja. Dokteri amesema haragi hiyo haingoji. Kila unapotuambia turudi, we unakula mwezi wake. Sasa piga muhuri, ao uniambie mbele ya hawa babaume ni kwa nini hupigi.”

Hakuna aliyecheka tena. Karani aliivuta karatasi, akapiga muhuri. Nje nilitaka kumshukuru, lakini alikuwa anatembea mbele yangu kwa haraka, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Sikujua kama ni kilio au hasira. Nilimfikia, nikaweka mkono wangu mgongoni mwake mpaka tukafika barabarani.

Kambini tulipewa chumba kimoja katika safu ya vyumba vya wafanyakazi. Ukuta haukufika juu. Ulisikia jirani akikohoa na akiomba. Tulikuwa mume na mke ambao kila mmoja alijua tarehe za kushika mimba. Sitaficha kwamba ilituchosha. Wilondja alirudi na vumbi la mbao nyweleni, akala, akaniuliza bila kunitazama: “Leo?” Nami nikajibu ndiyo au hapana. Siku za hapana alifurahi, nami nikaona kwamba anafurahi, tukagombana. Mvua zilikwisha. Mwezi wa tano kambini maumivu yalirudi, madogo, upande wa kuume. Nilimficha Wilondja.

Mwezi wa nane damu haikuja.

Nilingoja juma moja, mawili. Sikumwambia mtu, kwa kuwa nilikumbuka jinsi nilivyopongezwa mara ya kwanza. Matiti yaliuma. Asubuhi harufu ya moshi ilinitapisha. Juma la sita nilimwambia Wilondja, naye akaweka randa chini, akakaa juu ya vumbi la mbao, akashika mguu wangu. Alipoinuka aliniletea kiti, akanikataza kuchota maji, akawa anachota yeye mwenyewe kisimani katikati ya wanawake, na walimtania hadi wakachoka.

Nilibeba mimba ile karibu miezi mitatu. Niipe haki yake: ilikuwepo. Kile kipande kidogo kilifanya kazi yake. Kisha mchana mmoja, nikichambua mchele mlangoni, nilihisi joto mapajani, na kabla jua halijashuka ilikuwa imekwisha. Jirani yetu alinisaidia na kuosha mkeka. Wilondja alimzika mtoto nyuma ya karakana, akatengeneza kisanduku cha mbao ya mninga, kidogo kuliko kisanduku cha misumari. Sikukiona. Aliniambia tu kwamba alikipiga randa pande zote.

Tulijaribu tena mpaka mkataba wake ukaisha. Hakuna kilichokuja ila maumivu, kila mwezi makubwa zaidi, na mwishoni hata siku za katikati. Tuliporudi Baraka nilikuwa natembea nimeinama, na tumbo lilikuwa limevimba tena, safari hii upande wa kuume. Hakuna aliyenipongeza.

Daktari yule yule alinipima. Mfuko ulikuwa umerudi na kukila kile kipande chote. “Mi naweza kumenya tena,” akasema, “lakini sijui kama inabaki kitu.”

Wilondja, aliyesema toa yote miaka iliyopita, sasa ndiye aliyesita. “Apolina, ilishika mara moja. Tungoje kidogo tena.”

“Bwana, mi nimechoka.”

“Mwaka moja tu.”

Tulikuwa kwenye baraza lile lile la kungojea, na watu walitusikia, sikujali. Nilimwambia kwamba kwa zaidi ya mwaka sijalala juma zima bila kuamka na goti tumboni. Nilimwambia kwamba mtoto nilimtaka kuliko yeye alivyomtaka, na sasa nataka kusimama wima. Alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nimeshakwisha. Nilikwenda mwenyewe mlangoni nikamwambia mama sista kwamba niko tayari kutolewa yote.

Wanaokuja kwangu huniuliza kama nilikosea. Kama ningekataa vidonge na kuitumia ile miezi sita, je? Kama Wilondja asingekwenda Misisi? Kama ningekubali yote yatolewe mwanzoni na kujiepusha na miaka ile? Nimejiuliza hayo nikifua, nikianika ndagala, nikiwa kanisani. Sijui. Nimeona mwanamke mmoja wa Baraka aliyemenywa kama mimi akazaa wawili, na mwingine ambaye hakuzaa. Ninachoweza kusema ni kwamba ile siku nilipofumbua mdomo mbele ya daktari, uamuzi ukawa wangu, na kwa hiyo hata majuto yangu ni yangu, simlaumu mtu. Nawaambia pia wasiache mume afunge mkataba kabla ya kuuliza muda.

Baada ya kisu cha pili mwili ulizeeka ghafla. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na joto lilinipanda kutoka kifuani hadi masikioni katikati ya ibada, nikaloa kama nimetoka ziwani. Mama mukwe, aliyekuwa na umri wa kuyajua hayo, alianza kukaa karibu nami kanisani na kunipepea kwa ukingo wa kitenge chake, macho yake yakiwa kwa mhubiri. Baba wadogo walikuja tena na habari za mke wa pili. Ni yeye aliyewapokea uani. Sikusikia alichowaambia, ila hawakukaa kula.

Juma la nne baada ya kutoka hospitalini zilifika zile siku ambazo, tangu nikiwa na miaka kumi na minne, zilinikuta nimejikunja. Nilikuwa nimetayarisha maji ya moto kwa mazoea tu. Nikalala mkekani kuyangoja maumivu. Nilipofumbua macho jua lilikuwa juu kabisa, maji yamepoa, na Wilondja amepiga magoti mlangoni, kofia mkononi, ananitazama kwa woga.

“Ulikuwa unalia?” akaniuliza.

“Hapana,” nikamwambia. “Nilikuwa nimelala.”